Rufaa ya Daraja la Chepilat

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, siku barua ya kaunti ilipotufikia hapa Chepilat. Tulikuwa vijana, tuna kikundi chetu cha ujenzi, na tulikuwa tumeomba zabuni ya daraja la mto wetu. Mto huu huu unaozuia watoto kwenda shule mvua ikinyesha, na majani chai yakaozea ng'ambo. Barua ilisema tumeshindwa. Aliyepewa ni shemeji yangu, mume wa dada, mtu ambaye hajawahi kujenga hata choo!

Nikavaa viatu niende Nairobi, kwa bodi inayosikiza rufaa za zabuni. Sheria inakupa siku kumi na nne tu. Lakini Mzee Kiprono, aliyenilea baba alipofariki, akanizuia mlangoni.

"Huyo ni mtu wa nyumba yetu. Utamshtaki kabla hatujaketi?"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, si ndivyo? Mimi nililisikia. Tukangoja matanga ya jirani yaishe, tukangoja shemeji arudi safari, tukaketi, tukanywa chai, tukaomba. Shemeji akasema pole, atatupa kazi. Kumbe ni maneno matupu. Nilipofika Nairobi, bodi haikufungua hata ukurasa mmoja. Walisema nimechelewa, hawana mamlaka ya kunisikiza. Nililia barabarani bila aibu.

Daraja halikujengwa. Nguzo mbili zilisimama majini, basi. Mwaka uliofuata, katikati ya mvua kubwa, Mzee akaugua ghafla. Tukambeba kumpeleka hospitali ng'ambo, tukakwama mtoni. Maji yalikuwa yamejaa. Akanishika mkono, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Ungeenda tu." Alikata roho pale pale, tukingoja maji yapungue.

Sasa nawe umenyimwa zabuni kwa hila, na unataka kwanza kuongea na watu polepole. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Weka rufaa kwanza. Kuketi kutafuata, jamaa hawatakimbia. Siku hizi majibu ya zabuni yanakuja kwa mtandao, siku zako zinaanza kuhesabiwa papo hapo, na mahakama hazimhurumii aliyechelewa. Je, utashinda? Sijui. Nimeona waliowahi na bado wakashindwa, na mimi nimechoka kutumaini. Lakini nenda leo. Mungu akutangulie, mikono yako ijenge kitu kitakachosimama, na usije ukasikia mzee wako akikuomba msamaha kando ya maji.