Kabichi za Mama Kendi

Leo kanisani nimeogopa kabichi.

Kazi yangu mnaijua. Napima maji machafu ya kiwanda cha maziwa hapa Meru yakishasafishwa, kabla hayajaenda kwa mashamba ya majirani. Ni mimi nilimshawishi Mama Kendi, mjane jirani yetu, ayatumie. "Mama, hayo maji ni safi. Nayapima mwenyewe."

Sasa leo ilikuwa Jumapili ya mavuno. Mnajua vile huwa: kila mtu analeta kitu cha shamba, kinapigwa mnada, pesa ni za kanisa.

Kabichi zake zikainuliwa. Kubwa, zimefunga vizuri.

Hakuna aliyetaja bei.

Mtu huko nyuma akauliza, "Si hizo ni za maji ya kiwanda?"

Watu wakacheka. Halafu wakageuka kuniangalia. Neno moja tu lingetosha.

Nikaangalia viatu vyangu.

Mama Kendi akainua mkono, akanunua kabichi zake mwenyewe.

Mnataka mbaya zaidi? Zilizofuata ni nduma, yaani magimbi, na nikazing'ang'ania mpaka nikazipata. Zimekua kwa maji ya mto, ambayo hakuna mtu amewahi kuyapima!

Baada ya ibada Mama Kendi akanifuata hadi kwa geti na kabichi moja. "Baba Mwenda, hii ni yako. Ni wewe ulinisaidia."

Hakuwa ananisuta. Alikuwa anashukuru, kweli kabisa.

Iko hapa mezani. Mke wangu ameshika kisu, anauliza kama ni salama kwa watoto.

Niambieni, nimjibu nini? Kanisani mimi na yeye tulikuwa tumekaa benchi moja. Aliniona nikinyamaza.