Kidole cha Kumwinua Mbuzi

Siku ile, katika kibanda cha bati kando ya kisima cha Lopur, tulikuwa wanane: mimi, mdogo wangu wa kike anayenifuata, aliyekuwa likizo kutoka sekondari, Mkongomani ninayefanya naye kazi, ambaye ni mkimbizi wa kambi ya Kakuma, afisa wa mifugo aliyetuleta kwa gari kutoka Lodwar, mama mmoja mwenye mbuzi, na majirani zake watatu waliokuja kuona simu inafanya nini. Nawataja wote kwa sababu nina la kumshukuru kila mmoja. Hata afisa, ambaye njiani aliniambia bila ukali kwamba wafugaji wakiikataa app yetu ya kuripoti magonjwa ya mifugo kwa simu, atarudia fomu za karatasi, na kazi yangu ya majaribio katika ofisi yake itaishia hapo.

Niliacha shule darasa la saba, mama alipomfuata baba kaburini. Wadogo zangu watatu wananitegemea mimi. Niliosha vyombo hotelini Lodwar, kisha nikaajiriwa na fundi wa simu, na hapo ndipo Mkongomani alipoleta laptop yake yenye kioo kilichopasuka. Aliona wanyama niliokuwa nikiwachora nyuma ya makaratasi nikisubiri wateja.

"Dada, hii mikono iko napotea bure," akasema.

Tangu hapo kila Jumamosi nilikwenda Kakuma, naye akanifundisha kuchora kwa laptop. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza kitupu. Mdogo wangu alinisomea mstari kwa mstari, na pale asipoelewa alisema haelewi.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza. Mimi namchora mnyama na kumpa hali zake: amesimama, anakohoa, ameanguka. Naweka pia njia za kutoka hali moja kwenda nyingine, na kila njia inasubiri mguso. Yote hayo yanatoka katika faili moja dogo. Ndani ya app Mkongomani ameweka maktaba, yaani msimbo ulioandikwa tayari na watu wengine, na kazi yake ni kulisoma faili langu na kumchezesha mnyama palepale kidole kinapogusa. Si video. Halihitaji mtandao, na hata simu ya bei ya chini inalimudu. Mfugaji asiyejua kusoma anamgusa mbuzi mahali palipo na ugonjwa, na taarifa inahifadhiwa mpaka simu ipate mtandao.

Nilijivunia sana namna mbuzi wangu alivyoanguka. Ukimgusa tumboni, magoti ya mbele yalijikunja kwanza, kisha kiuno, kisha shingo. Nilikaa wiki nzima na ile shingo.

Mama mwenye mbuzi alisalimia, "Ejok," tukamwitikia. Nikampa simu, nikamwonyesha jinsi ya kugusa. Mbuzi akaanguka. Mama akanirudishia simu kama mtu anayerudisha kikombe kichafu.

"Wewe unaua mbuzi na kidole?"

"Mama, ni picha tu. Inaonyesha kwamba anaumwa."

"Picha ya nani? Mimi ukame imemaliza mbuzi yangu, imebaki kidogo. Sasa niangushe hiyo imebaki na mkono yangu?"

Jirani mmoja akacheka. "Mpatie afisa aguse. Yeye mbuzi yake iko kwa mshahara."

Wote wakacheka, na afisa akacheka pia, lakini akaanza kukusanya makaratasi yake. Nilimpa simu jirani wa pili, akaweka mikono nyuma. Wa tatu hakuitazama kabisa. Nami ni Mturkana. Nimechunga mbuzi kabla sijajua kushika kalamu, na bado niliketi Lodwar nikachora mkono wa mchungaji unaoangusha mnyama wake mwenyewe.

Mdogo wangu ndiye aliyeuliza, kwa lugha yetu, "Mama, wewe mbuzi wako akilala hawezi kusimama, unamfanya nini?"

"Namshika pale panauma. Namwinua."

Nikamtazama Mkongomani.

"Msimbo wangu utabakia vile uko," akasema. "Mguso ni mguso. Weye geuza faili."

Nilimwomba afisa muda kidogo. Akatazama saa, akaketi tena juu ya jerikeni. Nikafungua laptop magotini. Nikamlaza mbuzi tangu mwanzo, nikageuza ile njia niliyoipenda: shingo kwanza, kisha kiuno, magoti mwisho. Mahali palipoguswa nikapaacha na doa, ili afisa ajue ugonjwa uko wapi. Mkongomani akaweka faili jipya mahali pa lile la zamani. Hakuandika hata mstari mmoja.

Mama akapokea simu, akamtazama mbuzi aliyelala. Kisha akaweka kidole tumboni, taratibu, kama vile ngozi ina joto. Mbuzi akajikongoja, akasimama, akatingisha masikio.

"Sasa huyu ni mbuzi," akasema. Akagusa tena. Majirani wakaanza kunyang'anyana simu, na yule aliyecheka akaambiwa apange foleni kama kwenye maji.

Afisa alikuja kusimama nyuma yangu. "Jumatatu uje ofisini," akasema. "Kuna ngamia na kondoo wa kuchora."

Tulipokuwa tukifunga mizigo nilimwambia mama asante. Hakuipokea hivyo hivyo.

"Na punda?"

"Punda hayumo, mama. Ofisi imetaja mbuzi, kondoo na ngamia."

"Ofisi inabebewa maji na nani? Ukame ilipokuja, punda ndiyo alinifikisha kisima. Akiugua hakuna mtu anauliza. Mimi nimekusaidia. Wewe utaniletea punda."

Nikasema nitamletea.

Kazi ninayo mpaka leo, na wadogo zangu wako shuleni. Ngamia nimemaliza, kondoo pia. Punda namchora Jumapili, kwa sababu si wa ofisi. Anajua kulala, lakini akiguswa anainuka kwa miguu ya mbuzi, na mama yule atalijua kosa hilo kabla sijamkabidhi simu. Mara mbili nimepita Lopur na kusimama kisimani kwake. Mara zote mbili aliangalia mkono wangu kwanza, aone kama nimeshika simu yenye punda, ndipo akanisalimia.