Doa Lililotuelekea

Wifi yangu alichora jua kwa miaka ishirini na sita. Kila asubuhi saa tatu alipanda hadi kibanda cha darubini juu ya paa la chuo, akaacha mwanga upite kwenye darubini na kutua juu ya karatasi. Hapo jua lilikaa duara la upana wa sahani, na madoa yake alikuwa akiyafuata kwa penseli, moja moja, huku amebana pumzi. Mume wangu, kaka yake, alimtania kwamba ndiye pekee ajuaye jua lina chunusi ngapi.

Jumanne moja doa jipya likachungulia ukingoni. Kila siku liliongezeka. Jumapili alikuja kwetu, akakaa jikoni bila kuvua viatu.

"Wifi, nimefukua michoro ya zamani."

Michoro hiyo ilikuwa ya mwanamke aliyemtangulia, mwalimu wa hesabu aliyechora jua miaka thelathini, na vitabu vya chuo vikamtaja kama "msaidizi" tu. Katika karatasi zake kulikuwa na doa la umbo lile lile. Pembeni aliandika kwa herufi ndogo: *Kesho yake simu zote zilikufa.*

"Mkuu wako anasemaje?"

"Anasema nisitishe watu. Eti doa ni doa."

Jumatatu doa lilikuwa katikati, limetutazama uso kwa uso. Saa sita mchana, karatasi ikiwa mbele yake, nukta mbili nyeupe ziliwaka ndani ya ule weusi, kali kama cheche za kuchomelea vyuma. Dakika tano, zikazimika. Alizichora na kuandika saa. Kisha akampigia kaka yake, aliyekuwa zamu kwenye chumba cha kuongozea umeme.

"Kaka, jua limelipuka kuelekea kwetu, na nguvu yake itaingia kwenye nyaya. Kesho punguzeni mzigo kwenye transfoma kubwa. Na msizime laini yoyote ya umeme kwa matengenezo."

"Dada yangu, jua limekuudhi nini leo?"

"Sitanii."

Mume wangu aliniambia baadaye kwamba sauti ile hakuwahi kuisikia tangu siku ya msiba wa mama yao. Akaacha kucheka, akawaomba wenzake wapunguze mzigo. Walinuna, lakini walikubali.

Jumanne alasiri redio yetu ilianza kukoroma, kila stesheni. Simu zikakatika. Kule kazini kwao transfoma ilinguruma hadi vikombe vikatembea mezani, ila ikastahimili. Ya mji wa jirani, ambako hakuna aliyeambiwa kitu, iliungua. Walikaa gizani siku tisa, na hospitali yao ikaleta wagonjwa katika hospitali yetu.

Wiki moja baada ya dhoruba hiyo, mkuu wa chuo alipanda ngazi za kibanda kwa mara ya kwanza, akihema, kumpa mkono.

"Tumshukuru Mungu, limepita."

"Halijapita," wifi alimjibu. "Limezunguka upande wa pili tu. Baada ya wiki mbili litarudi."

Wiki mbili hizo alilala kwetu, akila nusu sahani. Siku ya kumi na nne nilipanda naye. Alifungua paa la kibanda, akanyoosha karatasi. Ukingoni kulikuwa na weusi, mpana kuliko mara ya kwanza, na nyuma yake mwingine ukijitokeza.

Alichora kwanza, kisha akachukua simu. Safari hii hakuna aliyemcheka.