Nyuki Walikwisha, Nzi Akabaki

Kabla hajashika bisibisi, Mihayo alimwuliza kila mteja swali moja: "Ni nyuki, au ni nzi?"

Watu wa Shinyanga walilizoea swali hilo, na wengine waliligeuza utani. Kwake halikuwa utani. Redio ikivuma kwa sauti nene iliyojaa, kama mzinga uliotundikwa mtini, hao ni nyuki. Nyuki hutoka kwenye umeme wenyewe. Kondensa, kile kikopo cha kuchuja umeme, imekauka, haichuji tena. Ikilia kwa sauti nyembamba yenye kukereketa, kama nzi aliyefungiwa chupani, huyo ni nzi, naye huingia mlangoni: waya ulioachia, au lehemu iliyopasuka. Fundi akijua ni yupi kati ya hao wawili, nusu ya kazi imekwisha.

Jambo ambalo wateja hawakulijua ni kwamba, kwa miaka mitatu sasa, Mihayo aliuliza kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza kumsikia nzi.

Alizaliwa Usanda, akachunga ng'ombe wa baba yake hadi alipopata ndevu, kisha akaenda kwa miguu kutafuta kazi kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Geita. Walimweka kwenye mtambo wa kuponda mawe. Vyuma vizito vilipanda na kushuka bila kupumzika, na watu walizungumza kwa vidole. Wenzake walijaza pamba masikioni. Mihayo hakujaza, maana alikuwa na masikio ya ajabu: aliweza kusema, "Beringi hii haifiki kesho," na kweli isifike. Kwa masikio hayo fundi wa umeme alimtoa kwenye mtambo akamfundisha nyaya, kisha redio. Lakini hapo alikuwa amekwisha kukaa miaka tisa kando ya vyuma vile. Alipoondoka mwaka 1951, alikuwa na sanduku la vifaa, na masikioni mlikuwa na sauti moja nyembamba isiyokoma. Alidhani ataiacha Geita. Ilimfuata hadi Shinyanga, ikala naye, ikalala naye. Mwishowe akajizoeza kutojali sauti yoyote nyembamba, kwa kuwa aliihesabu kuwa ni yake.

Kazi hakuiacha. Alikuwa na kibanda karibu na kinu cha pamba, chenye waya mmoja wa umeme aliopewa na msimamizi wa kinu kwa kumtengenezea redio. Nyuki aliwasikia vizuri, na pale alipokuwa na shaka, alinyunyiza punje chache za uwele juu ya karatasi ya spika. Zikicheza, nyuki bado wapo. Zikitulia, wamekwisha. Kwa upande wa nzi, alimtegemea mkewe, Mbuke. Mama huyo alikaa mlangoni akichambua mboga, na Mihayo alipowasha chombo, alimtazama. Akitikisa kichwa, kazi haijaisha. Akiinamia mboga zake, imeisha. Hawakuwahi kukubaliana hivyo kwa maneno. Mumewe hakuwa tayari kusema, naye Mbuke hakumlazimisha.

Mwezi wa saba mwaka 1957, Jumatano, Marcel alisimamisha baiskeli mbele ya kibanda, nyuma amefunga sanduku kubwa lililoviringishwa blanketi.

"Shikamoo, mzee Mihayo."

"Marahaba. Umeleta jeneza?"

"Karibu litakuwa jeneza," alisema Marcel, akifungua kamba. "Ni amplifaya ya gitaa. Tumeichangia bendi nzima, imetoka Nairobi, imeshatumika. Jumamosi tuna dansi ukumbini, na hii inatuimbia peke yake hata gitaa halijachomekwa."

Marcel alikuwa mpima pamba wa pale kinuni, mtu wa Bukoba mwenye adabu, na jioni alipiga gitaa. Mihayo alimwuliza, "Nyuki au nzi?"

"Wote wawili, mzee. Mimi nasikia kijiji kizima humo ndani."

Mihayo alicheka, lakini moyoni hakupenda jibu hilo.

Alifanya kazi siku mbili kwa utaratibu wake. Aliweka mkono wa kushoto mfukoni, maana umeme wa chombo cha namna ile hukaa ukivizia hata baada ya kuzimwa, na mkono mmoja hauwezi kuupitisha kifuani. Alipunguza sauti hadi mwisho, mvumo haukupungua. Basi haukutoka mbele, kwenye gitaa. Ulitoka nyuma ya kitufe cha sauti. Akazima, akaichomoa taa ya kioo ya kwanza, ile inayopokea sauti ya gitaa, akawasha tena. Mvumo ulikuwa palepale. Punje za uwele ziliruka juu ya spika kama zimo kikaangoni. Akaifungua kondensa kubwa ya umeme, akaikuta imevimba kichwani. Alitia nyingine aliyoitoa kwenye redio iliyokufa. Akairudisha ile taa, akawasha, akafungua sauti hadi mwisho. Uwele ulitulia tuli.

Akamtazama mkewe.

Mbuke aliinua kichwa. Alisikiliza kwa muda, kisha akatabasamu, jambo ambalo si kawaida yake mbele ya kazi, akainamia mboga zake.

Jumamosi saa nane mchana bendi ilikusanyika ukumbini kufanya mazoezi, na Mihayo akaenda nao, kwani fundi mwenye heshima huona kazi yake ikianza. Donatus, mpiga ngoma, mtu asiyeweza kunyamaza hata kanisani, alikuwa wa kwanza kuongea amplifaya ilipopata moto.

"Fundi, wewe umetengeneza chombo, au umefuga nzi?"

Watu wakacheka. Mihayo naye akacheka, akidhani ni ule utani wa siku zote. "Nyuki wamekwisha, kijana. Hata uwele haukucheza."

"Sikuuliza nyuki, mzee. Nimeuliza huyu mdudu."

Marcel hakucheka. Aliondoa mikono yote miwili kwenye nyuzi, akachomoa waya wa gitaa, akarudi nyuma hatua mbili. "Mzee Mihayo, sikiliza sasa. Unasikia nini?"

Mihayo alisikiliza kwa bidii, macho ameyafumba. Alisikia sauti ile ya Geita, nyembamba, ya miaka yote.

"Nasikia kimya," alisema.

Alipofumbua macho, watu saba walikuwa wanamtazama, na hakuna aliyecheka. Donatus alikuwa ameinamisha uso kwenye ngoma yake. Baadaye Mihayo aliambiwa kuwa amplifaya ilikuwa inapiga kelele wakati ule hadi mpiga saksafoni akaziba sikio.

Marcel alimsogelea, akasema karibu na uso wake, polepole, "Mzee, nani huwa anakusikilizia?"

Mihayo aligeukia amplifaya. Aliomba pasi ya kulehemu, ambayo walikuwa wameiweka kwenye jiko la makaa tangu walipofika, kwa tahadhari. Akafungua bati la nyuma. "Simama hapo," alimwambia Marcel, "nikigusa, uniambie lini amenyamaza." Akaugusa waya mmoja baada ya mwingine kwa kijiti kikavu. Marcel akainua mkono kwenye waya wa tatu. Ulikuwa waya wa kuingilia, uliovikwa koti la nyuzi za shaba, na koti lile lilikuwa limeachia kutoka kwenye bati upana wa ukucha. Alizima, akatia tone moja la lehemu. Hata Donatus alisema, "Amekufa."

Kazi ilikuwa ya dakika kumi. Ingekuwa ya dakika kumi Jumatano.

Nyumbani alimkuta Mbuke anaanua nguo. Alisimama mbele yake, akasema kwa mara ya kwanza, "Mama Eufrasia, mimi sisikii tena. Wewe ulisikia. Mbona uliniacha niende?"

"Nilisikia nini?"

"Nzi."

Mbuke alishusha nguo. "Ile sauti nyembamba ya kukereketa? Baba Eufrasia, ile nilidhani ndiyo sauti yake." Akamweleza jambo ambalo Mihayo alilijua tangu utoto akalisahau: kwao wachonga zeze, baba yake Mbuke akiwemo, walitoboa tundu kwenye kibuyu na kubandika juu yake utando mweupe wa mayai ya buibui, ili sauti itoke na mkereketo. Zeze lisilokereketa, mzee yule aliliita maiti. "Redio ya watu wanaosema maneno, naam, haifai kukereketa. Lakini ulisema hiki ni chombo cha muziki. Nikasema, hawa nao wamejua kubandika utando."

Mihayo aliketi kwenye kizingiti. Hakuwa na mtu wa kumkasirikia. Masikio aliyoyaazima yalikuwa mazima kabisa. Ila hayakuwa masikio ya kazi ile.

Marcel hakumtangaza, lakini ukumbini walikuwa saba. Wiki iliyofuata wateja walianza kuja kuchukua vyombo vyao, mmoja mmoja, kwa adabu kubwa. Huyu alikuwa anasafiri na redio yake. Yule, shemeji yake alikuwa amemnunulia nyingine. Mwalimu mmoja aliichukua yake ikiwa imefunguliwa, skrubu zimefungwa kwenye karatasi, akasema ataimalizia mwenyewe. Jumatatu ya pili, redio ya mwalimu ilikuwa kwa Jilala, fundi kijana wa karibu na stesheni. Mihayo aliiona mezani kwake alipopita. Jilala alisimama kumwamkia, na Mihayo aliona midomo yake ikisema shikamoo.

Mwaka haujaisha, walirudi Usanda kulima pamba. Sanduku la vifaa lipo chini ya kitanda. Majirani husema mji ulimtia maringo, maana ukimwita kwa nyuma haitiki, na watoto wakimwamkia kwa visauti vyao yeye hupita kama hajaona mtu. Mbuke peke yake ndiye anayemwita akaitika. Amejifunza kuishusha sauti yake hadi kifuani, nene, kama mvumo wa mzinga, na mumewe hugeuka.