Siku Papa Zihalirwa Alipokataa Kumsifu Samaki

Kuna siku moja ya Kamanyola ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu. Imenirudia jana, uliponionyesha kwenye simu picha ya chakula ulichokula Uvira ulipotumwa na kazi, na ile nyota moja uliyompa mwenye restora, huku unacheka. Sikutaka kukukatiza. Leo nisikilize.

Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimepata kazi ya kukagua mashamba ya mihogo. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Papa Zihalirwa, mtu wa Walungu, mrefu, mpole, aliyependa chakula kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Tulikuwa tunashuka naye mteremko wa Ngomo kwenda bonde la Ruzizi, breki zinanuka moto, na kabla hatujafika chini alikuwa ameshaamua tutakula wapi.

Alikuwa na desturi yake. Chakula kikiwa kizuri, alimwita mpishi atoke jikoni, akamsifu mbele ya madereva na wafanyabiashara wote. Kikiwa kibaya, hakusema neno mezani. Aliinuka mwenyewe, akaenda jikoni, akainama karibu na mpishi na kumwambia kwa sauti ya chini, "Maman, leo mafuta ilikuwa ya zamani," au, "Majani ya sombe haijaiva, uiache kidogo tena kwa moto." Kisha akarudi kumaliza sahani yake. Wapishi walimpenda kwa hilo. Walijua sifa yake ni ya kweli, na aibu yao hakuitoa nje.

Baadaye akaugua koo. Alipelekwa Kampala, akakaa huko muda mrefu kwenye matibabu makali, akarudi amekonda hata kola ya shati ikawa kubwa shingoni. Tukamshukuru Mungu, tukaanza tena safari zetu. Aliendelea kuchagua restora, kuwaita wapishi na kuwasifu. Ila mimi niliyekaa naye meza moja nikaanza kuona mambo. Mara moja huko Nyangezi tuliletewa maharagwe yaliyoungua, mimi yakanishinda. Yeye akala yote, akafuta mdomo, akasema, "Wamepika muzuri." Nikamtazama. Akageuza macho akaangalia barabara. Sikuuliza. Nani angemuuliza mkubwa wake jambo kama hilo?

Ndipo ikafika siku ile. Restora ya Maman Nsimire ilikuwa ya mbao, kando ya barabara pale Kamanyola. Alikuwa mjane, na kazi yake ya kuchoma samaki aliijua vizuri kwa kusahihishwa na Papa Zihalirwa safari kwa safari. Siku hiyo alituletea samaki waitwao mikeke, aliowachoma kwa namna mpya, na ndimu na kitunguu. Hakungoja kuitwa. Alisimama karibu na meza yetu akifuta mikono kwenye kitenge, uso wake kama wa mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

"Papa, nimebadilisha kidogo. Iko namna gani?"

Nilionja. Alikuwa samaki mtamu sana, mwanangu, ngozi imekauka vizuri na nyama ndani laini. Papa alitafuna, akatafuna tena. Watu wa meza nyingine walikuwa wanamtazama, wamemzoea. Nikamnong'oneza, "Papa, iko tamu. Umuambie tu."

Akanigeukia. Hapo akajua kwamba ninajua. Akaweka kipande chake chini.

"Maman Nsimire," akasema, "sitakuambia kama iko tamu. Sijue."

"Haiko muzuri?"

"Lulimi yangu ilikufa. Tangu Kampala. Sisikie chumvi, sisikie pilipili. Yote iko kama karatasi mu kinywa."

"Lakini safari ingine ulinisifu, papa."

"Niliongopa. Na nyumbani naongopa kila siku. Maman Faida anapika, mimi nasema asante, iko tamu. Nimechoka. Nakula peke yangu hata kama watu iko kwa meza."

Nilidhani mama yule atakasirika. Alivuta kiti, akaketi nasi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya na wateja. Akachukua kipande kwenye sahani ya Papa, akakila taratibu.

"Chumvi imetosha," akamwambia. "Ndimu inakuja nyuma, kidogo tu. Pilipili inauma hapa mbele, kisha inatoka."

Papa alikuwa amekichukua tena kipande chake, amefumba macho, anatafuna. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta. Mimi niliinamia sahani yangu.

Tulipokuwa tunapanda Ngomo kurudi Bukavu alisema neno moja tu, kwamba jioni atamwambia mke wake.

Alimwambia kweli. Lakini hilo nililijua kwenye matanga yake, kwa sababu ugonjwa ulirudi na hakumaliza miezi mingi. Nilikuwa nimeketi mkekani na mke wake, Maman Faida, akanishika mkono.

"Nilijua zamani," akaniambia. "Siku moja nilisahau chumvi kabisa mu nyama, naye akanisifu. Nikaenda kulia jikoni."

"Juu ya nini haukumuambia, maman?"

"Nilikuwa nangojea aniambie. Naye alikuwa ananihurumia. Tulikula hivyo mwaka muzima, kila mutu na uongo wake. Alipotoka Kamanyola akasema, tukaanza kula muzuri. Mimi naonja, namuambia utamu, yeye anasikiliza. Lakini siku ilikuwa imebaki kidogo." Akauachia mkono wangu. "Si kufa kwake tu ndiyo inaniliza. Nalilia ule mwaka."

Mwanangu, ule mwaka ndio ninaokuombea usiupate. Utasafiri sana na kazi yako, utakula kwa watu usiowajua. Sisemi usipime chakula chao. Kipime, ufurahi, ndiyo raha ya safari. Kikiwa kibaya, nenda kamwambie aliyekipika, jikoni, kwa upole, kabla ya kumtangaza kwa watu wasioweza kumsaidia. Huenda ni siku yake mbaya, na wewe hukuuliza. Kikiwa kizuri, sema kwa sauti. Na hawa wanaokupikia nyumbani, usiwape sifa za uongo kwa kuwahurumia. Sifa ya namna hiyo inawaacha peke yao. Kama kuna kitu kimekufa ndani yako, kiseme mapema, watu wako wakiwa bado mezani.

Basi, nenda. Mungu akushike mkono kwenye miteremko yote, akukutanishe na watu wa kuketi nawe popote utakapofika, na usimkose wa kumwambia ukweli wako wakati siku bado ni nyingi.