Vidonge Kwenye Droo ya Cherehani

Kaka yangu wa tumbo moja alinikaba koo mchana kweupe, nyundo mkononi, akitaka nimtajie sumu niliyomlisha mkewe.

Ngoja niisimulie mwenyewe, maana mtaani wanaisimulia ovyo.

Kaka ni fundi wa kuchomelea mageti. Wenzake karakanani wanamwita Nyundo, na si kwa sababu ya kazi tu. Hasira zake ziko karibu, mkono wake hutangulia mdomo. Kwa mkewe tu ndiyo alikuwa mpole, utadhani mtu mwingine kabisa.

Wifi yangu alipoteza mimba ya kwanza. Kaka akaamua kwamba vidonge vya kliniki ndivyo vilivyomuua mtoto. Hakuna daktari aliyesema hivyo, kaamua mwenyewe. Akaapa kwamba atakayeingiza vidonge vile tena nyumbani kwake atakiona cha mtema kuni.

Mimba ya pili ilipoingia, nikahamia kwao kusaidia kupika na kufua. Cherehani yangu nikaiweka sebuleni.

Kliniki walimpima wifi wakakuta damu iko chini. Wakampa vidonge vya madini ya chuma, asidi ya foliki na zinki, vyote ndani ya kimoja, ameze kimoja kwa siku. Alirudi analia. Nyumbani angevificha wapi?

Nikamwambia aviweke kwenye droo ya cherehani, kaka hata bobini ya uzi haijui. Tukavitoa kwenye pakiti, tukavifunga kwenye kitambaa. Nikamwapia kwamba sitafungua mdomo mpaka ajifungue.

Mwanzoni mambo yalikuwa safi. Muuguzi alishamwambia choo kitakuwa cheusi, asiogope, na kweli kikawa cheusi. Kichefuchefu kilipomsumbua, akawa anameza akishakula kidogo. Chai akaitenga na saa ya dawa, kama alivyoelekezwa.

Kaka naye hakubaki nyuma. Kila asubuhi kabla ya kazi alimkamulia juisi ya pasheni kwa mikono yake, akamsimamia mpaka kikombe kikauke. Nikawa nawatania kwamba mimi nikipata mume wa hivi, cherehani nitaigawa bure.

Halafu hali ya wifi ikaanza kuharibika. Tumbo linamkata, anatapika, hata kusimama ni shida. Nikamsihi turudi kliniki. Akakataa, anaogopa mumewe atajua.

Jumamosi moja maji yakakatika. Wifi akatoka chooni bila kumwaga maji, kaka akaingia nyuma yake.

Alikuta choo cheusi tii. Na kuna mwenzake karakanani aliwahi kumwambia kwamba mtu akilishwa sumu, choo chake huwa cheusi.

Nani anapika humu ndani? Mimi.

Alianza na jikoni. Akamwaga unga, akapasua vyungu, akaja sebuleni. Droo ilikuwa imefungwa. Akaipiga nyundo mpaka mbao ikapasuka, vidonge vikatawanyika sakafuni, havina pakiti wala jina.

"Hii ndiyo sumu unayomtilia mke wangu?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini wifi alikuwa chumba cha pili, hoi, na mimi namjua kaka yangu, kiapo chake cha vidonge hakichagui mtu. Nikanyamaza.

Kofi likaniangusha. Akaninyanyua kwa shingo, akanibana koo, akaulaza mkono wangu juu ya meza ya cherehani. Akauliza tena. Nikanyamaza tena. Nyundo ikashuka kwenye kidole cha shahada, nikasikia mfupa ukivunjika kabla ya kusikia maumivu.

Majirani wakajaa mlangoni. Mjinga mimi, nikadhani wamekuja kuniokoa. Kaka akawaonyesha vidonge, akawaambia nimemlisha mkewe sumu. Muuza mkaa, ambaye suruali aliyovaa nilimshonea mimi, akanipiga teke la mbavu. Mama mmoja akaniburuta kwa nywele hadi uani. Mawe yakaanza. Nikasikia mtu akiulizia mafuta ya taa, na mwingine akamjibu yapo.

Hapo wifi akatokea, anatambaa, damu inamtoka mdomoni.

"Mwacheni. Ni vyangu. Nimepewa kliniki." Akazimia.

Tulipakiwa gari moja, yeye na mimi.

Hospitali, daktari aliangalia vidonge, akamuuliza wifi alipozinduka anameza vingapi. Kimoja. Daktari akatikisa kichwa.

"Kimoja kwa siku hakimfikishi mtu hapa. Choo cheusi ni cha kawaida kwa dawa hii. Kutapika damu si kawaida. Anatumia nini kingine?"

Wifi akasema hatumii kitu. Mimi nikasema vivyo hivyo.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Akaingiza mkono kwenye ovaroli, akatoa chupa ya sirapu ya kuongeza damu, karibu tupu. Daktari akasoma lebo: madini ya chuma, asidi ya foliki, zinki. Vilevile.

"Namtilia kwenye juisi," kaka akasema. "Vidonge sikuvitaka. Hii niliiona kama chakula tu. Alivyozidi kulegea, nikawa naongeza. Leo asubuhi nilimimina bila kijiko."

"Chuma kikizidi ni sumu," daktari akamwambia.

Kaka akakaa chini, palepale sakafuni, akaitazama mikono yake kama si yake.

Wifi alitundikiwa dripu ya dawa ya kukitoa chuma mwilini. Alipona. Mtoto alizaliwa mzima, sasa anatambaa na kutia mdomoni kila anachokiokota, ndiyo maana dawa zote nyumbani ziko juu kabatini, zimefungwa, kila moja ndani ya pakiti yake.

Ndugu msomaji, dawa ya damu haina ubaya. Meza kiasi ulichoandikiwa, na usiongeze kwa sababu mtu amelegea. Ukienda kliniki, taja kila unachokunywa, hata kile unachokiita chakula tu. Na mjamzito akitapika mfululizo au tumbo likimkata, mpeleke hospitali kabla hujamtafuta mchawi.

Kaka alipiga magoti uani, mbele ya majirani walewale, akaniletea cherehani mpya. Nimemsamehe, ni damu yangu. Muuza mkaa hajaniomba radhi, mkaa nanunua kwingine.

Kidole hakikunjiki tena. Uzi kwenye sindano natungiwa na kaka, kila asubuhi kabla hajaenda kazini.