Masizi ya Jiko la Kogo Tapnyole

Siku ya kwanza kazini nilifungua mlango wa jiko likiwa linawaka, moshi ukanijaa usoni. Fundi Mkuu, mzee mfupi wa Kapsoit, hakunigombeza. Aliniuliza tu kama kwetu mtu akiwa anakula huwa tunampanua mdomo kuangalia ndani. Wenzangu walicheka mpaka saa ya chai.

Nilikuwa nimeacha shule mapema. Wazazi wangu walitoka Kisii kuja kuchuma chai Kericho. Mimi nilichuma kidogo, nikaswaga ng'ombe hadi mnada wa Siongiroi, nikapaka mabati rangi, na kila kazi ikanichosha. Jiko la peleti lilinishika kwa sababu sikulielewa. Peleti ni vumbi la mbao lililoshindiliwa likawa vipande vidogo, kama chaki iliyovunjika. Skrubu ndefu huzisukuma kidogo kidogo hadi kwenye bakuli la moto, ambalo ni chuma chenye matundu, na feni huvuta hewa ipite matunduni. Hewa ikitosha, moto huwa mweupe na mchangamfu. Isipotosha, huwa mrefu na mvivu, wa rangi ya chungwa, na kioo cha mlango hugeuka cheusi.

Fundi Mkuu alinifunza kuanza na peleti zenyewe. Huku mvua haikosi alasiri, na gunia likilazwa sakafuni huvuta unyevu. Ivunje moja: iliyo kavu hulia, yenye maji hupondeka kimya. Kisha uzibue matundu ya bakuli. Kisha ubane karatasi mlangoni. Ikichomoka bila kukataa, kamba ya kuziba mlango imechoka. Bomba la moshi ni la mwisho. Na usisahau kuuliza kama stima hupotea, kwa kuwa feni ikisimama moshi hukosa njia na masizi hulala ndani.

Miaka mingi baadaye nilihamishiwa Sotik, chini ya Meneja wa Huduma. Huyo alikuwa mtu wa maneno machache: safisha, washa, ondoka. Mteja akichoma kitu kisicho peleti, alisema, jiko si letu tena.

Huko ndiko nilikokutana na Kogo Tapnyole, yaani bibi Tapnyole, mjane aliyeishi peke yake upande wa Bomet. Daktari alikuwa amemkataza moshi wa kuni kwa sababu ya kifua chake, na mwanawe Kiprono, aliyefanya kazi mbali, akamnunulia jiko letu. Nilikuta masizi mazito. Peleti zilikuwa kavu, kamba ilikuwa nzima. Nilisafisha, moto ukanyooka. Haukupita muda nikaitwa tena, na bakuli lilikuwa limeziba kwa kitu cheusi kinachonata. Nilikikwangua, na ndani yake nikakuta kipande cha kijiti.

"Kogo, hii si peleti."

"Hiyo ni senetwet," akasema, kama mtu anayemtajia mgeni jina la mtoto wake. "Wewe Mkisii utajulia wapi? Mursik haiwekwi kwenye kibuyu kitupu."

Nilijua. Kijiti cha mti wa senetwet huchomwa hadi kiwe kaa, kikasuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya maziwa kumiminwa yalale hadi yagande yawe mursik. Mwana akirudi nyumbani hupokewa na maziwa hayo. Kiprono alikuwa anapiga simu kusema anakuja, kisha anapiga kusema kazi imemzuia. Maziwa yakizidi kukaa, Kogo aliwapa majirani, akaandaa kibuyu upya. Vijiti alivichomea ndani ya jiko letu, mlango wake ukiwa wazi, na moshi wote ukamrudia.

Nikamwambia kifua chake hakitastahimili.

"Kifua ni changu, fundi. Akifika nimpe maji ya bomba?"

Tukapatana kwamba nitakuwa nikipita kumchomea vijiti nje, chini ya paa la banda la ng'ombe. Aliketi mlangoni akinielekeza, akinicheka kwamba nashika kijiti kama mswaki. Miezi ile kifua chake kilitulia, na kioo cha jiko kikabaki safi.

Kisha mvua kubwa ikakata barabara na Meneja akanituma kwingine. Niliporudi, mlango wa Kogo ulikuwa umefungwa. Jirani aliniambia kwamba Kiprono alikuwa amepiga simu akataja Jumapili, na Kogo hakutaka kungoja mvua iishe ndipo aandae kibuyu. Walimfikisha hospitali akiwa hai. Jumapili haikumkuta.

Baada ya mazishi Kiprono aliniita ndani, mbele ya lile jiko. Kibuyu kilikuwa mezani, kimepungua kidogo tu. Alikuwa amekunywa, midomo yake bado ilikuwa na weupe.

"Niambie ukweli, fundi. Jiko lilikuwa bovu?"

Nilikiangalia kile kibuyu.

"Masizi yalizidi," nikasema. "Sikufika kusafisha."

Alilalamika ofisini, na alikuwa na haki. Meneja akaniuliza mara mbili kama ndivyo ilivyokuwa, nikajibu ndivyo. Akaniambia nipumzike, umri nao umefika. Hivyo ndivyo nilivyostaafu, bila soda wala hotuba.

Vijana wanaosomea kazi hii huniuliza masizi hutoka wapi. Nawaambia ya peleti, matundu, kamba, bomba na stima, nao hutosheka. Kifua changu mwenyewe siku hizi kinakwaruza, na sipandi tena paa la mtu.

Kiprono amerudi kukaa nyumbani. Tukikutana sokoni Sotik hunipita bila salamu, macho mbele. Namwacha apite.